Niahidi Hutatupa Godoro

Kazi yangu ni kushika godoro. Nikimwambia mtu hivyo hudhani nauza vitanda, hutabasamu kwa adabu na kubadilisha mazungumzo, nami humwacha na anachodhani. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini hapa itabidi nieleze, kwa sababu bila godoro hakuna atakayeelewa kwa nini mtoto wa kaka yangu aliacha kuniita shangazi.

Trampolini ya mashindano si ile ya watoto mnayoiona kwenye viwanja vya kuchezea. Ni kitambaa cha nyuzi ngumu kilichozungukwa na springi zaidi ya mia, na anayejua kukirukia anaweza kuchungulia dirisha la ghorofa ya pili. Katikati pamechorwa msalaba mwekundu. Unaruka kutoka msalabani, unapiga vichwangomba angani, unatua msalabani, na kabla hujavuta pumzi umesharuka tena. Miruko kumi mfululizo, kila mmoja na mtindo wake, hakuna kupumzika katikati. Waamuzi wanatazama kama miguu imenyooka, mashine inapima umekaa hewani muda gani. Na pembeni anasimama mtu mmoja mwenye godoro nene la sponji, la bluu, lenye mishikio ubavuni. Mrukaji akipoteza mwelekeo kule juu, mtu huyo analisukuma godoro chini yake kabla hajafika.

Mtu huyo ndiye mimi. Sheria yenyewe ni fupi. Mrukaji akitua kwenye godoro, mchezo wake umeishia hapo hapo, anapewa alama za miruko aliyokwisha kumaliza na si zaidi. Kwa hiyo ukitupa bila sababu, umemnyang'anya jasho la miaka. Ukichelewa kutupa, hakuna mwamuzi atakayekuhukumu, utajihukumu mwenyewe kila ukimtazama alivyokaa kwenye kiti cha magurudumu. Tena huruhusiwi kusema. Ukimwambia neno moja akiwa anaruka, anakatwa alama. Mimi ambaye marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiongea, nasimama pale mdomo nimeufunga kama mfuko wa sukari.

Mtoto wa kaka yangu tunamwita Kiroboto. Jina nilimpa mimi, siku alipovunja chaga mbili za kitanda changu kwa kuruka, akiwa hajaanza hata shule. Kaka yangu ni fundi wa friji, mtu mpole asiyependa makelele, na wakati huo mimi nilikuwa kocha msaidizi katika ukumbi wa mazoezi ya viungo. Akaniambia, "Dada, huyu mchukue ukamchoshe." Nikamchukua. Imepita miaka kumi na mitano na bado hajachoka, nimechoka mimi.

Baba yake hajawahi kutazama shindano lake hata moja. Siku ya shindano hujifungia karakana na kufungua friji yoyote, hata nzima. Likiisha hunipigia simu, na swali lake ni lile lile. Haulizi ameshinda, haulizi amekuwa wa ngapi.

"Ulishika godoro?"

"Nilishika."

"Haya."

Basi, anakata simu.

Sasa, katika mchezo wetu kuna ugonjwa ambao hauna dawa wala homa. Sisi tunauita kupotea. Mrukaji amefanya mruko fulani maelfu ya mara, mwili unaujua kuliko njia ya kwenda chooni, halafu siku moja anaruka na kule juu hajui yuko wapi. Mwili unaanza mruko mwingine ambao haukuitwa. Chini ni wapi, juu ni wapi, msokoto umekwisha au bado, hakuna jibu. Wenye bahati huanguka vibaya na kupata michubuko. Wasio na bahati sitawataja.

Kiroboto alianza kupotea miezi michache kabla ya mashindano ya dunia, kwenye mruko wa saba. Ulikuwa mruko wake mgumu kuliko yote, vichwangomba vitatu na msokoto katika cha mwisho, na ndio uliomfikisha alipofika. Haukumpotea kila siku. Ungekuwa kila siku, afadhali. Ulipotea mara moja, ukakaa sawa wiki nzima, ukapotea tena. Mimi niligundua dalili yake. Akiwa anaondoka kwenye kitambaa, mkono wa kushoto unatangulia kushuka kabla ya wa kulia, kidogo tu, kama mtu anayetaka kushika mfuko wake. Nikiuona mkono ule najua huko juu hakuna mtu, kuna mwili tu unaojirusha.

Tulijua sisi wawili peke yetu. Alinisihi nisimwambie mtu, hasa Mkuu wa msafara, bwana mmoja mchangamfu aliyekuwa na simu mbili na sauti ya kutosha simu nne. Nikakubali kunyamaza. 

Halafu, kama vile haitoshi, akafanya kile ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukifanya. Akaingia fainali. Wanane bora duniani, na Kiroboto wangu mle ndani.

Asubuhi ya fainali tulikuwa chumbani hotelini. Chumba chenyewe kidogo, vitanda viwili, birika la umeme, pazia lisilofika mwisho wa dirisha. Viatu vyake vyeupe vya kitambaa alikuwa ameviweka juu ya kiti, vimepangwa kama vya mtu anayekwenda kuolewa. Yeye alilala chali sakafuni, macho kafumba, anacheza miruko yake kwa mikono. Kiganja kinapinduka, kinazunguka, kinatua kifuani. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kikifika wa saba kinasimama hewani, kinarudi kuanza upya.

Mimi nilijifanya sioni. Nilikuwa nakunja nguo.

"Shangazi."

"Naam."

"Hiyo fulana umeshaikunja."

"Ina mikunjo."

"Ina mikunjo kwa sababu hutaki kuiacha."

Nikaiweka chini. Nikakaa kitandani, nikaona bora niseme tu. "Tuutoe wa saba. Weka ule wako wa zamani, wa vichwangomba viwili. Utapungukiwa alama, lakini utamaliza. Kumaliza fainali ya dunia si jambo dogo."

Akafumbua macho. "Unamkumbuka Nahodha?"

Nilimkumbuka. Nani asiyemkumbuka? Alikuwa bora kuliko Kiroboto, alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwashikia godoro. Akapotea kwenye mruko mmoja, tukamshauri autoe kwa muda, mpaka hofu ipite. Akautoa. Mwezi uliofuata akapotea kwenye mwingine, naye akautoa huo. Hofu ni kama mchwa, ukimwachia mlango atakula mpaka dari. Mwisho Nahodha alibaki anaruka wima tu, juu na chini, mikono ikiwa ubavuni, analia. Siku hizi anakaa mapokezi kwenye zahanati, na akipita karibu na ukumbi wetu hubadilisha upande wa barabara.

"Nikiutoa leo, kesho nitaogopa wa sita," Kiroboto alisema. "Bora nipotee nikiwa nauruka kuliko nipotee kwa kuukimbia."

"Maneno matamu hayo. Shingo yako imekubali?"

Hakucheka. Aliinuka akaja kukaa karibu yangu, goti lake likagusa langu, akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Shangazi, niahidi hutatupa godoro."

"Ukiwa umepotea kweli?"

"Hutajua kama nimepotea kweli. Utakuwa umeogopa tu. Wewe ukiogopa unaona mambo."

Iliniuma, kwa sababu si uongo. Mimi ni mwoga. Navuka barabara kwa kukimbia hata kama gari liko mbali. Nanusa maziwa kabla ya kunywa, nikishanusa namnusisha na mwenzangu. Katika makocha wa ukumbi wetu hakuna aliyetupa godoro mara nyingi kama mimi, ndiyo maana wananiita Mama Godoro, na si wote wanaoniita hivyo kwa heshima.

"Niahidi," akasema tena.

"Nimeahidi."

Alinitazama machoni, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa viatu. Mtu ataniuliza kama nilimaanisha. Sijui. Unapomwambia mtoto anayechomwa sindano kwamba haitauma, unamaanisha? Unachotaka ni atulie.

Katika ukumbi wa kupashia mwili aliuruka wa saba vizuri. Akaurudia, vizuri tena. Mikono yote miwili ilishuka pamoja kama watoto mapacha. Badala ya kufurahi nilizidi kuogopa, nikaanza kuhesabu taa za darini, kisha viti, kisha vizima moto ukutani. Mkuu wa msafara akaja akiwa ameshika simu zake.

"Mama Godoro, mbona umepauka? Mtoto anaruka kama malaika."

"Malaika wana mabawa, Mkuu."

"Wewe nawe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Kuyaoga, ndiyo. Kuzama sikuambiwa."

Akacheka sana, akanipiga begani. "Leo uwe na moyo, mama. Usije ukatuaibisha na huo uoga wako mbele ya dunia."

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," nikamjibu, na wakati namjibu hivyo sikujua kama nambishia au namwomba Mungu.

Alipangwa kuruka wa tano. Tulisubiri kwenye korido nyembamba iliyonuka dawa ya nywele na chaki, wasichana wengine wakitingisha miguu, makocha wao wakitafuna bazoka. Kiroboto alikuwa ananitazama kila baada ya muda, halafu anatazama viganja vyangu. Nilikuwa navifuta kwenye suruali, vinaloa tena. Mpaka wanamwita, suruali yangu ilikuwa na mabaka mawili mapajani kama ya mtu aliyejimwagia chai.

Ukumbi ulikuwa na giza kwenye viti na mwanga mkali juu ya trampolini. Nikachukua godoro, nikaliegemeza kwenye fremu, nikashika mishikio yake. Kiroboto akapanda, akasimama msalabani, akainua mkono kuwasalimu waamuzi. Kengele ya kuanzia ikalia.

Kwanza mrukaji huruka wima, kupata kimo. Springi zinalia kila akizama, na kila akipaa kunakuwa na kimya ambacho mimi nakijua kuliko mtu yeyote. Katika kimya kile unaweza kusema moyoni, polepole, "Kiroboto shuka," na ukimaliza kusema ndipo anashuka. Muda wangu wote wa kuamua uko ndani ya maneno hayo mawili.

Akaanza. Wa kwanza mzuri. Wa pili, msalabani kabisa. Watu walianza kupiga makofi ya chinichini. Wa tatu, wa nne. Alikuwa juu kuliko nilivyowahi kumwona, mpaka ilibidi niinue kidevu. Wa tano. Nilisahau kupumua. Wa sita alitua pembeni kidogo ya msalaba, mguu mmoja nje ya mstari, si kosa kubwa, akazama kwenye kitambaa, akaanza kupaa kwa ajili ya wa saba.

Mkono wa kushoto ukatangulia.

Niliuona. Sikuuota. Ukashuka kabla ya mwenzake, kama mtu anayetafuta mfuko. Akapaa, akajikunja, kichwangomba cha kwanza, na mimi niko na ahadi yangu mkononi pamoja na godoro. Kiroboto. Cha pili, na mabega yake yalikuwa yameanza kugeuka, mapema, mapema mno, yanaelekea kwenye springi. Shuka.

Nikatupa.

Godoro likateleza juu ya kitambaa likafika kabla yake. Na yeye akatua juu yake kwa miguu.

Kwa miguu. Yote miwili. Alizama mpaka magotini kwenye sponji, akayumba, akasimama. Ukumbi mzima ukatoa sauti moja ya huzuni, kama umeme uliokatika wakati wa mechi. Kiroboto akalitazama godoro. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda, na namwombea kila shangazi asitazamwe.

Akawa wa nane. Miruko sita ilihesabiwa. Kwenye benchi la kusubiria alama Mkuu wa msafara alikuja na video kwenye simu moja huku simu nyingine ikiita. Akaicheza polepole, akaisimamisha pale godoro linapoingia.

"Ona mwenyewe. Miguu ndiyo imetangulia."

"Ona mabega," nikasema.

"Mabega yana nini? Mtu hatui kwa mabega."

"Msokoto ulianza mapema. Bila godoro angetua mguu mmoja kwenye kitambaa, mwingine kwenye springi, au asingetua kwa miguu kabisa. Ule unene wa sponji umemdaka kabla hajamaliza kugeuka."

"Au angetua, akarekebisha, akaendelea na wa nane."

Hii ndiyo laana ya kazi yangu. Aliyechelewa kutupa ana ushahidi, tena unalia na kupelekwa hospitali. Aliyewahi kutupa hana kitu. Mtoto mzima, anatembea, hana hata mkwaruzo, na kila mtu anakuuliza ulitupa kwa nini.

Kiroboto aliichukua ile simu akaitazama video, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Sijui alikuwa anatafuta nini, mkono wake au wangu. Akamrudishia Mkuu simu, akavaa koti, akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Asante, Kocha," akaniambia.

Kocha. Miaka yote ile, hata mbele ya waamuzi, hata nilipomfukuza mazoezini kwa jeuri, nilikuwa shangazi.

Simu ya kaka yangu iliita wakati napakia mabegi.

"Ulishika godoro?"

"Nililitupa."

Nikasikia injini ya friji ikinguruma nyuma yake.

"Amekula?" akauliza.

"Hataki."

"Haya." Lakini safari hii hakukata mara moja. Alikaa kwenye laini, na mimi nikakaa, mpaka salio likaamua kwa niaba yetu.

Tuliporudi nyumbani, Kiroboto aliomba nibadilishwe. Hakuniambia yeye, niliambiwa na mkurugenzi wa ukumbi, kwa maneno mazuri ya kiofisi, eti ni vizuri mchezaji apate macho mapya. Nafasi yangu akapewa kocha tunayemwita Mlingoti, kijana mrefu, fundi wa kazi yake, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kutupa godoro bure. Mimi nikapelekwa darasa la watoto wadogo, chumba cha pili, nikawafundishe kuruka bila kugongana vichwa.

Sijuti. Nataka hilo lieleweke, maana watu wengi walikuja kunipa pole kwa namna ya kunitafuta majuto. Nililia, ndiyo. Nililia jikoni, nililia nikipiga mswaki, nilimkumbuka mtoto yule mpaka nikakasirika naye. Lakini kila nikifumba macho nauona ule mkono ukishuka, na mikono yangu inatupa tena. Hata usingizini inatupa. Mara moja niliamka mto wangu uko mlangoni.

Ukuta kati ya chumba cha watoto na ukumbi mkubwa ni mwembamba. Sikuhitaji kumwona Kiroboto, nilimsikia. Mtu aliyesikiliza springi maisha yake yote anajua nani anaruka na amefika wapi. Nilikuwa nawaambia watoto, "Magoti pamoja, mikono juu," huku sikio langu liko upande wa pili. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Halafu pwaa, ule mlio mfu wa mtu anayekunja magoti kuuzima mruko. Kimya. Anaanza upya. Anafika wa sita. Pwaa.

Siku baada ya siku, hivyo hivyo. Nilijua maana yake. Moyo ulikuwa unanienda mbio mbele ya watoto wa watu, na nikawa najiuliza kama ni mimi niliyemfungulia mchwa mlango, kama ni godoro langu lililomwingiza hofu au lilimkuta nayo. Nilitamani kwenda. Sikwenda. Mtu akikuita Kocha, unasubiri kuitwa.

Kaka yangu alikuja nyumbani kwangu siku ya mapumziko, akafungua friji yangu bila kuombwa, akaigongagonga.

"Analala vibaya," alisema akiwa kichwa ndani ya friji.

"Mimi je?"

"Wewe hulali kabisa, nakujua." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Dada, mimi nilikukabidhi mtoto. Sikukukabidhi medali. Hesabu yangu na wewe iko sawa." Akafunga mlango wa friji taratibu. "Hesabu yake na wewe siijui. Hiyo mtaimaliza wenyewe."

Iliendelea hivyo mpaka alasiri moja nikiwa nawavisha watoto soksi. Nikasikia wa sita, nikasikia pwaa, nikasubiri aanze upya. Hakuanza. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni, peku, viatu vyeupe mkononi.

"Kocha Mlingoti ameniahidi hatatupa godoro," alisema.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka."

"Ndicho."

Mtoto mmoja akataka kufungwa nywele. Nikamfunga. Kiroboto alibaki pale pale, anakikunja kiatu kimoja na kukikunjua.

"Yeye akiahidi," akasema, "anamaanisha."

Nikaacha nywele za mtoto wa watu nusu.

"Nikifika wa sita namwona amesimama pale, ametulia, na mimi najua hatatupa hata nikija kwa kichwa. Kwa sababu ameahidi. Magoti yanakataa, yanajikunja yenyewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku ile hotelini, uliponiambia umeahidi, nilijua unanidanganya. Nilijua kabisa. Ndiyo maana niliweza kupanda."

"Halafu ukaninunia."

"Nilikasirika. Bado nimekasirika. Labda ningetua."

"Labda."

"Hatutajua."

"Hatutajua," nikasema. Nikajifanya natafuta soksi.

"Basi njoo."

"Nije wapi? Mimi nina watoto hapa, na wewe una macho mapya."

"Shangazi, usinitese."

Nikampa msaidizi wangu zile soksi.

Ukumbini Mlingoti alinikabidhi godoro bila kinyongo. "Karibu, Mama Godoro," alisema. "Mimi nimechoka kusimama kama jina langu." Akaenda kukaa kwenye ngazi.

Godoro lilikuwa lile lile letu la mazoezi, la bluu, mshikio mmoja umeanza kuchanika uzi. Nikaliegemeza kwenye fremu. Kiroboto akavaa viatu, akapanda, akasimama msalabani, miguu pamoja. Viganja vyangu vikaanza kuloa pale pale kama vilivyozoea. Hakuwatazama waliokuwa wamesimama wakitutazama. Aligeuka akanitazama mimi.

"Shangazi. Niahidi hutatupa godoro."

"Nimeahidi."

Hakuutazama uso wangu. Alivitazama vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vimeshakamata mishikio yote miwili.

"Haya," akasema, kama baba yake.

Akaanza kuruka wima, kutafuta kimo. Kisha wa kwanza. Wa pili. Nikafunga mdomo. Wa tatu, wa nne, wa tano. Akatua wa sita, akazama, na springi zikalia tena kumrusha juu, na mimi nikautazama mkono wa kushoto.